Marekani: Majimbo Yapiga Marufuku Jina, Kipimo Kinapotea

Machi 20, 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuanza kuivunja Wizara ya Elimu ya Marekani, huku watoto wa shule wakiwa wameketishwa kwenye madawati pembeni yake. Kauli iliyobebwa na vyombo vya habari siku ile, na ambayo bado inazunguka katika makundi ya WhatsApp ya Waswahili walioko ughaibuni, ni kwamba elimu imerudishwa kwa majimbo. Wapo walioshangilia kwamba hatimaye wazazi watasikilizwa. Wapo waliohofu kwamba kuanzia sasa mtoto wa Alabama atasoma kitu kimoja na wa Oregon kingine. Pande zote mbili zimejibu jambo ambalo halikutokea. Serikali ya shirikisho haikuwa na mtaala wa kurudisha. Sheria ya mwaka 1979 iliyoiunda wizara hiyo inaikataza kuamua kinachofundishwa darasani, na kitu pekee kilichokaribia kuwa kipimo cha pamoja cha nchi nzima, yaani viwango vinavyoitwa Common Core, kimekuwa kikipigwa vita na mabunge ya majimbo kwa zaidi ya miaka 10 sasa.

Hoja yangu ni hii. Sheria za majimbo zilizopiga marufuku viwango hivyo zilifukuza jina, na kile watoto wanachofundishwa kikabadilika kidogo sana. Kilichoondoka kweli ni uwezo wa mzazi wa jimbo moja kujua mtoto wake amefika wapi akilinganishwa na mtoto wa jimbo jingine. Hasara hiyo inawaangukia zaidi watu wanaohamahama, wakiwemo watoto wengi wanaozungumza Kiswahili nyumbani. Nasema hivi nikijua kwamba watetezi wa Common Core nao walikosea, na mengine yalikuwa makosa makubwa.

Kwanza tuweke maneno sawa, maana nusu ya ugomvi huu imekaa hapo. Msomaji aliyesoma Tanzania anajua kwamba Taasisi ya Elimu huandaa mtaala na mihtasari, na Baraza la Mitihani hutunga mtihani mmoja kwa nchi nzima. Mtoto akihama Kigoma kwenda Lindi katikati ya muhula atakuta wenzake wako kwenye mada ileile, au ya jirani. Mkenya naye ana KICD na KNEC kwa kazi hizo. Aliyekulia katika utaratibu huo akisikia Marekani kulikuwa na viwango vya pamoja, anapata picha ya kitu kama hicho. Haikuwa hivyo. Common Core ni orodha ya mambo ambayo mtoto anapaswa kuyaweza afikapo mwisho wa kila darasa, kuanzia chekechea hadi darasa la 12, katika Kiingereza na Hisabati tu. Inasema, kwa mfano, kwamba amalizapo darasa la tatu awe anajua kwa kichwa majibu yote ya kuzidisha namba mbili za tarakimu moja. Haisemi atumie kitabu gani, wala mwalimu aanze na mada ipi, wala kama jedwali litaimbwa au litapangwa kwa mawe. Vitabu, ratiba na mbinu vilibaki mikononi mwa majimbo na wilaya za shule, ambazo Marekani ni takriban 13,000.

Orodha hiyo ilitokana na aibu. Januari 2002 Rais George W. Bush alitia saini sheria iliyoagiza kwamba ifikapo 2014 kila mtoto awe na umahiri katika kusoma na hisabati, na shule zitakazoshindwa zibanwe. Sheria hiyo hiyo ikaliachia kila jimbo litunge mtihani wake na kuamua lenyewe umahiri ni kitu gani. Ukimwambia mtu ataadhibiwa asipofika mstarini, kisha ukampa chaki auchore mstari mwenyewe, unajua atauchorea wapi. Tennessee ilikuwa ikitangaza kwamba karibu watoto tisa kati ya kumi wamefaulu, wakati katika NAEP, ile tathmini ya taifa inayofanywa kwa sampuli ya wanafunzi wa kila jimbo, hawakufika hata theluthi. Wazazi wa Tennessee hawakuwa na namna ya kujua. Karatasi iliyokuja nyumbani ilisema mtoto yuko vizuri, na waliiamini, kama mzazi yeyote angeiamini.

Mwaka 2009 chama cha magavana na baraza la wakuu wa elimu wa majimbo waliamua kutafuta mstari mmoja. Majimbo 48 yaliingia katika mazungumzo, Texas na Alaska zikakaa pembeni. Viwango vilitolewa Juni 2, 2010. Kentucky ilikuwa imekwisha kuvipitisha tangu Februari, kabla hata nakala ya mwisho haijatoka, na muda si mrefu majimbo 45 yalikuwa yamevikubali kwa ukamilifu, pamoja na Washington, D.C. Minnesota ilichukua Kiingereza na kuacha Hisabati. Taasisi ya Gates ilimwaga zaidi ya dola milioni 200 katika kuviandaa na kuvipigia debe. Hapo ndipo serikali ya shirikisho ilipoingiza mkono wake. Utawala wa Rais Barack Obama ulikuwa na mfuko wa ushindani wa dola bilioni 4.35, na kati ya pointi 500 za kushindania fedha hizo, pointi 40 zilikuwa za kupitisha viwango vya pamoja. Ilikuwa miaka ya mdororo wa uchumi, hazina za majimbo zimekauka, magavana wanapunguza walimu. Kuanzia 2011 likaongezwa sharti jingine: jimbo lililotaka kusamehewa adhabu za ile sheria ya Bush lilipaswa kuonyesha kwamba lina viwango vinavyomwandaa mwanafunzi kwa chuo na kazi. Njia nyepesi kabisa ya kuonyesha hivyo ilikuwa Common Core.

Kwa hiyo wanaosema mkono wa Washington ulikuwepo hawakuzusha. Fedha ilitumika kusukuma, na iliposukuma, majimbo yalipitisha kwa haraka kitu ambacho wabunge wao, walimu wao na wazazi wao hawakuwa wamekisoma. Watetezi wa viwango wamekuwa wakirudia kwamba lilikuwa jambo la hiari, na kwa maneno ya sheria ni kweli, kwa sababu hakuna jimbo lililolazimishwa. Ila hiari ya mtu mwenye njaa mbele ya sahani ina walakini wake, na kulikataa hilo ndiko kulikowapotezea watu wengi waliokuwa tayari kuwasikiliza.

Kisha yakaja matokeo. New York ilipotumia mtihani mpya kwa mara ya kwanza mwaka 2013, asilimia 31 tu ya watoto wa darasa la tatu hadi la nane walihesabiwa kuwa na umahiri wa Kiingereza, kutoka asilimia 55 mwaka uliotangulia. Kwa Hisabati walishuka kutoka asilimia 65 hadi 31. Watoto hawakuwa wamepoteza akili katika miezi 12. Rula ndiyo iliyobadilishwa. Mzazi wa kawaida angelielezwaje hilo? Alichoona ni kwamba mwanawe aliyekuwa anafaulu sasa amefeli, na mwalimu anayempenda anatathminiwa kwa alama hizo hizo, maana ile fedha ya ushindani ilidai pia walimu wapimwe kwa maendeleo ya wanafunzi wao. Kuleta viwango vipya, mtihani mpya na adhabu mpya kwa mwalimu, yote kwa wakati mmoja, lilikuwa kosa kubwa kuliko yote yaliyofanywa na watetezi wa Common Core. Mwaka 2015 takriban mtoto mmoja kati ya watano wa New York waliopaswa kufanya mtihani hakuufanya, kwa uamuzi wa wazazi. Vyama vya walimu vya mrengo wa kushoto na wahafidhina wa mrengo wa kulia wakajikuta wamekaa mkeka mmoja.

Sheria zikafuata. Texas ilitangulia mwaka 2013 kwa sheria iliyozikataza wilaya za shule kutumia Common Core, ingawa jimbo hilo halikuwa limevipitisha viwango hivyo hata siku moja. Machi 2014 Gavana Mike Pence aliifanya Indiana kuwa jimbo la kwanza kuvifuta baada ya kuvikubali. Juni mwaka huo Oklahoma ikafuata, na aliyetia saini ni Gavana Mary Fallin, ambaye wakati huohuo alikuwa mwenyekiti wa chama kilekile cha magavana kilichovianzisha. South Carolina, Missouri na North Carolina nazo zilipitisha sheria zao mwaka huohuo. Kentucky, iliyokuwa ya kwanza kuingia, iliamua kwa sheria ya mwaka 2017 kuvibadilisha. Florida ilivifuta kwa agizo la Gavana Ron DeSantis la Januari 2019 na kuandika vyake mwaka uliofuata. Na Bunge la Marekani lilikuwa limekwisha kufunga mlango mwaka 2015, kwa sheria inayomkataza waziri wa elimu wa shirikisho kulilazimisha au kulishawishi jimbo lolote lipitishe viwango fulani, Common Core ikitajwa kwa jina. Kwa hiyo ile amri ya 2025, kwa upande wa viwango, ilikuta kazi imekwisha kufanywa miaka 10 nyuma.

Sasa tuangalie kilichobadilika darasani. Indiana ilipotoa viwango vyake vipya mwezi Aprili 2014, waliokuwa mstari wa mbele kuipinga Common Core ndio waliokasirika zaidi, akiwemo Sandra Stotsky, msomi aliyekuwa amegoma kutia saini ya kuviidhinisha vile vya mwanzo. Alivisoma vipya akaona ni vilevile vimepangwa upya. Mwaka 2017 shirika la Achieve, ambalo lilishiriki kuviandaa viwango vya awali na kwa hiyo si shahidi asiye na upande, lilipitia majimbo 24 yaliyokuwa yamevirekebisha na kukuta sehemu kubwa ya mambo ya msingi imebaki. Jambo hili halihitaji njama kulieleza. Kuna njia chache tu za kumpeleka mtoto kutoka kuhesabu vidole hadi kutatua milinganyo, na walimu wa Hisabati wa Indianapolis na wa Nashville wanazijua zote. Ukiwaita mezani na kuwaambia waandike upya, wataandika kinachofanana.

Jina ndilo lililokuwa limeoza. Katika utafiti wa maoni wa jarida la Education Next mwaka 2014, watu walioulizwa kama wanaunga mkono Common Core walisema ndiyo kwa asilimia 53. Walioulizwa swali hilohilo bila jina kutajwa walisema ndiyo kwa asilimia 68. Wanasiasa wanajua kusoma namba kama hizo. Mtu anayetaka kubaki gavana hatagharamia kuandika upya elimu ya watoto milioni moja ikiwa kubadilisha jalada kunatosha.

Florida ni tofauti kidogo, na inastahili kutajwa kwa haki. Viwango vyake vina mabadiliko ya kweli: mtoto anatakiwa kuweza kujumlisha na kutoa namba kubwa kwa ile njia ya kawaida ya kupanga wima ifikapo darasa la tatu, wakati Common Core ilisubiri hadi la nne. Hilo ni jambo ambalo walimu wanaweza kubishana kwa hoja. Lakini Aprili 2022 jimbo hilohilo lilikataa vitabu 54 vya Hisabati kati ya 132 vilivyowasilishwa, likitaja miongoni mwa sababu zake kwamba vina mabaki ya Common Core, na baadhi vikakubaliwa baadaye wachapishaji walipovirekebisha. Hapo mjadala ulikuwa umekwisha kuhama kutoka swali la mtoto anaweza nini hadi swali la kitabu kinanuka nini.

Hoja za wapinzani hazilingani uzito. Nzito kuliko zote, mbali na ile ya fedha, ilikuwa ya Massachusetts. Jimbo hilo lilijenga viwango vyake kutokana na mageuzi ya 1993 na kwa miaka mingi limekuwa kileleni mwa NAEP. Mwaka 2010 likavibadilisha kwa vya pamoja. Ukiwa juu ya wenzako, mstari wa pamoja unaweza kukushusha. Wanahisabati kama James Milgram wa Chuo Kikuu cha Stanford walionya pia kwamba Common Core inaisogeza aljebra hadi darasa la tisa, na mtoto anayeanza aljebra darasa la tisa hufika hisabati za juu amechelewa. Kati ya wajumbe 29 wa kamati ya uhakiki, watano hawakutia saini. Hizi ni hoja za watu waliosoma karatasi yenyewe, na sijaona zikijibiwa kikamilifu.

Dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo iliyosambaa zaidi, ni ile ya kazi za nyumbani. Mzazi anapiga picha swali la mtoto wake, kutoa namba mbili kwa kuruka kwenye mstari wa namba, anaandika kwamba wamempokonya mtoto njia tuliyosomea sisi. Wakenya wanaijua hali hii kutoka miaka ya kwanza ya CBC, ule mtaala wao wa umilisi, mzazi akihangaika usiku na kazi asiyoielewa. Huruma anastahili, ila kilichomkera ni kitabu, na kitabu kilichaguliwa na wilaya yake. Viwango vyenyewe vinadai ile njia ya zamani kwa jina: kujumlisha na kutoa darasa la nne, kuzidisha la tano, kugawanya la sita. Mtu aliyevifuta kwa sababu ya picha ile amefuta orodha na kuacha kitabu rafuni.

Ipo hoja nyingine ambayo kwa nje inapendeza, kwamba sheria hizi zinarudisha uamuzi kwa wazazi na jamii za karibu. Tazama sheria ya Texas tena. Haikuilinda wilaya dhidi ya Washington, kwa kuwa Washington haikuwa imeiagiza kitu. Iliikataza wilaya iliyotaka kuvitumia viwango hivyo kwa hiari yake isivitumie. Mamlaka yalipanda kutoka mji mdogo kwenda Austin, makao makuu ya jimbo. Huko Oklahoma bunge lilifuta viwango bila kuwa na vingine vilivyo tayari, shule zikarudishwa kwenye vya zamani, na Agosti 2014 jimbo likapoteza ule msamaha wa adhabu za shirikisho kwa kuwa halikuweza kuonyesha kwamba viwango vya zamani vinamwandaa mwanafunzi kwa chuo. Lilirudishiwa Novemba. Viwango vipya havikupitishwa hadi 2016. Sidhani kuna mzazi wa Tulsa aliyeulizwa kama anataka hivyo.

Upande wa watetezi nao uliahidi kupita kiasi. Waliahidi kwamba viwango vikipanda watoto watapanda navyo, kwamba Marekani itazifikia Singapore na Finland. Haikutokea. Mengli Song na wenzake, katika utafiti uliolinganisha majimbo kwa kutumia NAEP, walikuta athari ndogo, tena hasi, katika kusoma kwa darasa la nne na Hisabati za darasa la nane. Tom Loveless, aliyefuatilia suala hili tangu mwanzo, alifikia hitimisho kwamba athari yake, iwe njema au mbaya, ni ndogo mno. Ninayakubali matokeo hayo, ila siukubali uamuzi uliotokana nayo.

Mkulima wa Njombe au wa Ruvuma anajua lumbesa ni nini: gunia la viazi au mahindi lililojazwa hadi likavimba na kushonewa kilemba juu, likahesabiwa kuwa gunia moja. Tanzania imepiga marufuku lumbesa na kusisitiza mizani, kwa sababu bila mizani muuzaji na mnunuzi hawazungumzii kitu kimoja. Hakuna aliyetarajia mizani iongeze mavuno shambani. Kazi yake ni moja, kusema ukweli wa kilichomo. Common Core iliuzwa kama mbolea, na ilipoonekana haiotishi, ikatupwa pamoja na kazi yake halisi ya kupima.

Mbolea ilipatikana kwingine. Mississippi ilivikubali viwango vya pamoja mwaka 2010. Mwaka 2015 bunge lake lilileta muswada wa kuvipitia upya, na Gavana Phil Bryant akaukataa kwa kuona haung'oi mizizi. Baadaye vikapewa jina la jimbo na kuendelea na kazi. Wakati kelele zikiendelea, sheria ya mwaka 2013 ilikuwa inafanya kazi kimyakimya: walimu walifundishwa namna mtoto anavyounganisha sauti na herufi, wakufunzi wa kusoma wakapelekwa katika shule dhaifu, watoto wakapimwa mapema na mara kwa mara, na asiyejua kusoma mwishoni mwa darasa la tatu akakariri darasa. Wastani wa darasa la nne katika kusoma ulikuwa 209 mwaka 2013. Mwaka 2024 ulikuwa 219, juu ya wastani wa taifa. Jimbo maskini lililokuwa la 49 limefika la 9. Wapo wanaosema kukaririsha darasa kunapandisha wastani, na lina ukweli ndani yake, ila halielezi safari yote hiyo. Mtanzania atatambua kilichofanyika pale, ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, imefanywa kwa fedha, kwa ukali na kwa muda mrefu. Na tunajua ilifaulu kwa sababu NAEP ipo. Mississippi ingejitangaza yenyewe kwa mtihani wake yenyewe, nani angeamini?

Mfano mwingine hauzungumzwi vya kutosha. Jeshi la Marekani linaendesha shule zake lenyewe, kwa watoto zaidi ya 60,000, katika kambi zilizotapakaa kuanzia Ujerumani na Japani hadi ndani ya Marekani kwenyewe. Mwanajeshi huhamishwa kila baada ya miaka michache, kwa hiyo wizara ya ulinzi ilihitaji mtoto atoke Okinawa, Japani, Ijumaa na aendelee katika jimbo la Georgia Jumatatu. Mwaka 2012 ikapitisha viwango vilivyojengwa juu ya Common Core, na haijaviacha. Katika NAEP ya 2022 na tena ya 2024, shule hizo zimeongoza nchi nzima, kusoma na Hisabati, darasa la nne na la nane. Haitakuwa haki kulinganisha bila kusema kwamba kila mtoto pale ana mzazi mwenye ajira, nyumba na matibabu, na shule zina fedha. Hata hivyo, tumeambiwa na mabunge ya majimbo kwamba viwango vya pamoja vinaua ubora, na mfumo mmoja mkubwa ulioving'ang'ania ndio ulio juu.

Naijua familia moja ambayo haina jeshi la kuipangia safari. Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, aliondoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akapokelewa Texas, na miaka michache baadaye akahamia Kentucky kufuata kazi. Mwanawe alimaliza darasa la nne Texas akiwa na cheti kinachosema anakikaribia kiwango cha darasa lake, na Texas kukikaribia kunahesabiwa kufaulu. Mwaka uliofuata Kentucky ikamwita mwanagenzi, daraja lililo chini ya umahiri, na shule ikaomba aingie katika masomo ya ziada. Dada akaniuliza mtoto amerudi nyuma au amebaguliwa. Nilimweleza kwamba inawezekana kabisa hakurudi nyuma hata hatua moja. Hakuridhika, na sikumlaumu. Kwa miaka kadhaa, kabla milango haijafungwa Januari 2025, Wakongomani ndio walikuwa kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi waliopokelewa Marekani, wengi wakiwa wazungumzaji wa Kiswahili, na wengi wao hawakai jimbo la kwanza walilofikia. Huko Louisville Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazozungumzwa zaidi na wanafunzi wanaojifunza Kiingereza. Kwao, swali la mstari wa pamoja si la itikadi. Ni swali la kama mtoto atawekwa darasa linalomfaa mwezi wa kwanza au mwezi wa sita.

Ndiyo maana naona viwango havikuwa pigo kubwa zaidi. Pigo kubwa lilikuwa mitihani. Serikali ya shirikisho ilitoa takriban dola milioni 350 mwaka 2010 kwa miungano miwili, PARCC na Smarter Balanced, itunge mitihani ambayo majimbo mengi yangeitumia pamoja na kutumia alama moja ya ufaulu. Majimbo zaidi ya 40 yalijiunga na mmoja au mwingine. Mengi yakatoka, mengine kwa sheria, mengine kwa gharama, mengine kwa hasira za 2015. PARCC ikayeyuka, na Smarter Balanced ikabaki na kundi dogo. Baada ya hapo kila jimbo lilikuwa tena na chaki yake. Mwaka 2024 Oklahoma ilibadilisha alama za ufaulu bila kuwatangazia wazazi, na watoto wa darasa la tatu waliohesabiwa kuwa na umahiri wa kusoma wakaruka kutoka chini ya theluthi hadi nusu, katika mwaka ambao NAEP iliiweka Oklahoma karibu na mkiani. Wisconsin, yenye siasa tofauti kabisa, nayo ilibadilisha alama zake mwaka huohuo. Kwa hiyo si ugonjwa wa chama kimoja. Ni ugonjwa uleule wa Tennessee ya zamani, umerudi baada ya miaka 15.

Kilichobaki ni NAEP, na hapo ndipo amri ya Machi 2025 inapaswa kusomwa. Katika wiki zilezile ambazo wananchi walikuwa wakibishana kuhusu kurudishwa kwa elimu kwenye majimbo, kituo cha shirikisho cha takwimu za elimu, kinachoiendesha NAEP, kilipunguzwa wafanyakazi kutoka takriban 100 hadi wachache wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mtihani wa mwenendo wa muda mrefu wa vijana wa miaka 17 ulifutwa Februari. Aprili bodi inayosimamia tathmini hiyo ilipunguza mitihani mingine katika ratiba ya miaka ijayo. Yote hayo yalikuja baada ya matokeo ya 2024 kuonyesha kwamba asilimia 33 ya watoto wa darasa la nane hawafiki hata kiwango cha msingi cha kusoma, idadi kubwa kuliko wakati wowote tangu kipimo hicho kianze.

Mabunge ya majimbo yakitaka kufanya jambo la maana mwaka huu, hayana haja ya kufufua jina lolote. Yapitishe sheria inayoidai idara ya elimu ya jimbo ichapishe, kwenye karatasi ileile inayokwenda nyumbani kwa mzazi, alama ya ufaulu ya jimbo ikiwa kando ya matokeo ya jimbo hilo katika NAEP, na itangaze miezi kadhaa kabla endapo alama hiyo itabadilishwa. NAEP haitoi alama ya mtoto mmojammoja, hivyo dada yangu bado hangejua hasa mwanawe yuko wapi. Lakini angejua jambo ambalo hakulijua alipofunga mizigo Texas, kwamba neno kufaulu katika karatasi aliyoikunja ndani ya mkoba halivuki mpaka wa jimbo. Angeiomba shule mpya impime mtoto wiki ya kwanza, badala ya kusubiri hadi mwezi wa tatu ndipo aambiwe.